Udongo Wenye Masikio

Siku Kitalu cha mbegu za mpunga kilipomalizika kujengwa, wanawake wa mtaa wa Mlauni walikwenda kukikandika. Hawakualikwa na mtu. Walijitokeza getini asubuhi, kundi zima, makarai kichwani na khanga zimekazwa kiunoni, na aliyetangulia, Bi Hadia Matimbwa, akamwambia mlinzi maneno yale yale ambayo mama yake na bibi yake waliyasema kwenye milango ya watu.

"Tumekuja kukandika."

Mlinzi alikuwa mtu wa kuja, hakuelewa. Akamwita mkubwa wake. Mkubwa wake, Daktari Mahfudhi Kindamba, alielewa mara moja, kwa sababu alizaliwa Mlauni kabla ya kwenda kusoma mbali na kurudi na tai shingoni. Katika mji wa Nyamkono nyumba mpya haiachwi uchi. Kila mwenye nyumba huchota donge moja la udongo kwenye ukuta wake mwenyewe, madonge yote yakachanganywa na maji na makapi ya mpunga, na wanawake wakampaka mgeni ukuta wake huku wakimwimbia na kumtania. Mwenye nyumba hakatai. Akikataa ametangaza kwamba hataki ujirani, na mtu wa namna hiyo hata kaa la moto hapewi.

Basi Daktari Kindamba akafungua geti, akachekacheka, akapigwa picha ana udongo mashavuni. Wanawake waliukandika ukuta mrefu wa Kitalu kutoka kona hadi kona, upande wa nje, wakimwimbia Daktari nyimbo ambazo mke wake alijitia hamnazo asizisikie. Picha zikasambaa. Wakala wa Bonde, uliokuwa umelijenga jengo lile kando ya mto Luhombe, ukazibandika kila mahali kuonyesha jinsi wananchi walivyoupokea mradi.

Katika watu wote waliokuwepo siku ile, hakuna aliyewaza habari ya udongo wenyewe. Huo ndio ukweli, na ni vizuri usemwe mapema, maana baadaye yalisemwa mengi.

*

Siwema Matimbwa, binti wa Bi Hadia, hakuwemo kwenye zile picha. Yeye ndiye alikuwa mkaguzi wa majengo wa Nyamkono, na alikuwa amegoma kukanyaga Kitalu tangu msingi ulipochimbwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto na kichwa kigumu ambacho ofisi ilikuwa imekizoea kama watu wanavyozoea mlango unaokwama.

Kilichompeleka hatimaye ni ukaguzi wa kila mwaka kabla ya masika, ambao kwa upande wa Kitalu alikuwa ameukwepa miaka yote iliyotangulia; safari hii ofisi ikamlazimisha. Alianza na Mlauni, mtaa wa chini kabisa, alikozaliwa. Nyumba zote za Nyamkono zilisimama juu ya nguzo ndefu, kama madungu ambayo babu zao waliyajenga mashambani kukwepa maji na viboko. Kwenye kila nguzo kulipigwa mstari wa buluu, na mstari ule ndio uliokuwa sheria. Juu yake mtu alale, apike, aweke televisheni yake. Chini yake kusiwe na kitanda, jiko wala waya wa umeme. Kuwe na kuku, vigoda, meza ya bao na kuta za udongo tu. Siwema alipita nyumba hadi nyumba, akimkuta huyu ameshusha godoro kwa sababu ya joto na yule amefungua saluni na mashine zake, na kila mmoja ana sababu nzuri kuliko ya jirani. Akawapandisha wote. Hakumwonea haya mtu, hata mama yake alimpandishia friji.

Kisha akapima kuta. Alikuwa na kifaa kidogo chenye miiba miwili na mshale. Akiichomeka miiba ukutani, mshale ukicheza, ukuta uko hai. Ndani ya udongo wa Nyamkono walikaa vijidudu wasioonekana kwa macho, waliozaliwa maabara miaka mingi iliyopita na tangu hapo wakawa wa nyumbani kama chachu ya maandazi. Maji yakipanda mtoni, kuta za nyumba za juu hulowa kwanza, na vijidudu wake hutoa mlio mdogo wa umeme unaopita ardhini kwenye unyevu. Ndugu zao walioko chini husikia na kuitikia. Udongo huachia, kuta zote zilizo chini ya mstari hulainika na kujimwaga zenyewe, na mto hupita katikati ya nguzo kwenda zake, bila kuangusha nyumba ya mtu. Maji yakiisha watu hushuka, hucheka, hukandika upya.

Zamani walijaribu mageti ya chuma, yanayofunguliwa na mtu aliyekaa kwenye chumba cha mitambo. Ikaonekana kwamba mtu yule daima ana shemeji, na geti la shemeji halifunguki. Udongo ulipendwa kwa sababu haukuwa na shemeji. Na kanuni ya kwanza ya Nyamkono, ambayo watoto waliijua kabla ya kujua kusoma, ilikuwa fupi: mtu asizuie maji yakaenda kwa mwenzake.

Kitalu kiliyazuia. Kilijengwa katikati ya mkondo wa zamani, mahali ambapo mto ukifura hupenda kupita, na ukuta wake ulikuwa wa udongo kiziwi, uliochomwa kiwandani, usio na kijidudu hata mmoja. Siwema alikataa kutia muhuri. Alipiga hesabu zake akaona kwamba maji yakigota kwenye ukuta ule yatageukia Mlauni, yatavuka mstari na kuingia vyumba vya juu, na nguzo hazitastahimili. Na kulikuwa na kanuni nyingine, ndogo, ambayo watu waliisahau kwa kuwa ilikuwa haijawahi kutumika: nyumba iliyoanguka na nguzo zake haijengwi tena, kiwanja kinarudi kwa Wakala. Mafuriko makubwa mara moja tu, na Mlauni nzima ingekuwa shamba la Kitalu.

Alisema haya kwa kila aliyekuwa na masikio. Mkurugenzi wa Wakala, Mzee Mwasomola, alimsikiliza kwa adabu, kisha akatoa msamaha maalumu na kutia muhuri wake mwenyewe. Alimwambia kwamba maji ya kiasi hicho ni nadra, na kwamba ule mpunga unalisha pwani nzima. Hapo hakusema uongo. Tangu bahari ipande na chumvi kuingia mashambani, mpunga wa Kitalu ndio pekee uliokubali kuota kwenye matope ya chumvi. Siwema mwenyewe aliula kila siku, na kila siku tonge la kwanza lilimkwama.

Basi akafika Kitalu, akaanza kupima ukuta kwa kutimiza wajibu tu. Udongo kiziwi haupimiki, mshale ungelala. Akachomeka miiba.

Mshale ukacheza.

Akakipiga kifaa kofi akidhani kimeharibika, akapima tena. Ukacheza. Akatembea hatua chache, akapima, akaenda hadi kona ya mbali akipima, na kila mahali mshale uliruka kama uko kwenye ukuta wa mama yake. Ndipo akazikumbuka zile picha, Mahfudhi ana udongo mashavuni na akina mama nyuma yake na makarai. Madonge ya nyumba zote za Mlauni. Vijidudu walikuwa wameingia taratibu, wakiula ukuta mkavu mvua hadi mvua, wakizaana, mpaka ukuta wote ukawa ndugu.

Siwema alicheka peke yake mpaka mlinzi akamwangalia. Halafu akakaa chini pale pale kwenye majani. Ukuta ule ungesikia. Maji yakija ungeachia kama kuta nyingine zote, Mlauni ingepona, na mto ungeingia moja kwa moja kwenye vyumba vya mbegu, ambavyo Kitalu kiliviweka chini kwa sababu kilisamehewa kuviweka juu. Aliyekuwa anajua ni yeye tu.

*

"Nyamaza," mama yake alimwambia.

Walikuwa juu, jikoni, Bi Hadia akipepeta mchele. Siwema alikuwa amemweleza yote kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi.

"Nikinyamaza na maji yakaja, mbegu zote zinakwenda, mama. Na hawa wanaofanya kazi kule chini ni watoto wa humu humu."

"Na ukisema?"

"Wataukwangua ukuta. Wataweka mwingine kiziwi."

"Basi nimekujibu. Wewe ulisema kwa mdomo wako wakakuziba. Sasa ukuta umesema, na wewe unataka kuuziba?" Bi Hadia aliupiga ungo kwa kiganja, makapi yakaruka. "Mimi humu ndani nimezaa, nimezika mume, nimekandika sijui mara ngapi. Sitakwenda kukaa kilimani kwenye nyumba ya bati nikiangalia mpunga wa mtu unavyoota juu ya kaburi la baba yako."

Hasira ile ilikuwa ya Siwema pia. Aliirithi pamoja na urefu. Lakini alikiangalia kile kilichokuwa kwenye ungo, mchele mweupe wa Kitalu, akakumbuka miaka ile kabla yake, alipokuwa msichana, watu walipochemsha mizizi ya pori na kuwaambia watoto kwamba ni mihogo. Hakuwa tayari kuwarudisha watu kule ili tu apate kumwonyesha Mwasomola kwamba alikosea.

Siku zilizofuata alikwenda kwa Mahfudhi mara mbili. Hakumwambia habari ya ukuta. Alimwomba apandishe mbegu juu ya mstari, kama anavyomwomba kila mwenye kitanda. Mahfudhi alimkaribisha chai, akamkumbusha utundu wao wa darasani, akamweleza kwamba juu kuna ofisi na ukumbi wa wageni na kwamba yeye anao msamaha. Alisema neno msamaha kwa upole kabisa. Siwema alitoka bila kumaliza chai yake, akijichukia kwa kuwa na siri na kujichukia zaidi kwa kutaka kuitoa.

*

Maji yalitangazwa asubuhi. Kituo cha kupima mto, mbali huko juu, kilisema Luhombe umefura kuliko ulivyowahi kufura tangu kituo kijengwe, na kwamba mafuriko yatafika Nyamkono kabla ya jua kuzama.

Mlauni hawakushtuka. Walianza kupandisha vitu kwa makelele ya sikukuu, kuku wakitupwa juu kwa mbawa, vijana wakibebeshana meza, mtu mmoja akimfokea mkewe kwa kabati ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelinunua kubwa. Wengi walishasahau onyo la Siwema, kwamba Kitalu kikiyazuia maji makubwa kama haya, mstari usingewatosha. Siwema alipita katikati yao bila kuitikia salamu, akaenda Kitalu, akapanda moja kwa moja hadi ofisini kwa Mahfudhi.

"Pandisha mbegu," alisema.

"Siwema, tumeshalizungumza hili."

"Ukuta wako unasikia."

Mahfudhi alitabasamu kwanza. Siwema akamshika mkono, akamshusha hadi nje, akachomeka miiba mbele ya macho yake. Ukuta ulikuwa umeshaanza kupata habari kutoka juu. Mshale haukucheza tu, ulitetemeka. Tabasamu likamtoka.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu ukaguzi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia upandishe mbegu. Sababu nilikuficha, ndiyo. Ungekwangua." Siwema aliutazama mto, ambao tayari ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Sasa nakuambia, na sikufichi kitu. Ukiwaweka watu wako wote kwenye ukuta, huenda mkaukwangua mkawahi kupaka dawa ya kuua vijidudu. Ukiwaweka kwenye mbegu, mtawahi kuzipandisha. Vyote viwili huwezi."

Sasa mtu anaweza kuuliza, kwa nini alimwambia? Kwa nini asingengoja maji yamalize kazi? Siwema alijiuliza hivyo hivyo njia nzima. Alichokiona ni kwamba akinyamaza atakuwa ameamua peke yake, gizani, nani ale na nani asile, kama vile Mwasomola alivyoamua peke yake nani akae na nani ahame. Hakutaka kufanana naye hata kwa kucha. Alitaka amshinde mchana, wakiangaliana usoni.

Mahfudhi akampigia Mkurugenzi. Uso wa Mzee Mwasomola ukatokea kwenye kioo cha mkononi, na Mahfudhi alipomaliza kueleza, Mkurugenzi hakuhangaika hata kidogo. Akaagiza ukuta ukwanguliwe mara moja, na mkaguzi aondolewe eneo la mradi.

"Na Mlauni?" Siwema aliuliza, akisogea ili kioo kimwone.

"Watu wa Mlauni watahamishwa salama, bibie. Droni ziko tayari. Hakuna atakayepoteza maisha."

"Sikuuliza maisha. Nimeuliza Mlauni."

"Mtaa mmoja," alisema Mwasomola, "kwa chakula cha pwani nzima. Mimi nalala usingizi na hesabu hiyo. Na wewe ni mtumishi wangu."

"Hesabu yako imeanza baada ya kuweka mbegu mahali ambapo hapawekwi hata godoro," alisema Siwema. "Kila mama wa Mlauni leo amepandisha kitanda chake mwenyewe. Wewe umeshindwa kupandisha trei za mbegu, na unataka wao ndio wahame. Sitoki hapa, mzee. Tuma unayemtaka."

Mahfudhi alikizima kioo. Hakufanya hivyo kwa kumwunga mkono Siwema. Akawageukia wafanyakazi wake, waliokuwa wameshajikusanya pale nje wakisikiliza, akawapa majembe na makwangulio, akashika jembe la kwanza mwenyewe. Alipiga ukuta kama mtu anayempiga nyoka. Tabaka la juu likabanduka, na chini yake udongo ulikuwa na rangi ile ile ya kahawia mbichi. Akapiga tena. Jembe lilizama mpaka kwenye mpini, na bado alichokitoa kilikuwa ni udongo wa Mlauni.

Wafanyakazi walikuwa wamesimama na zana zao. Hakuna aliyeinua. Karibu wote walikuwa wakazi wa Mlauni, na walikuwa wameisikia kila kauli iliyotoka kwenye kile kioo.

Ndipo makarai yakaonekana barabarani. Bi Hadia alikuwa mbele, khanga kiunoni, na nyuma yake wanawake wale wale wa siku ya picha, na safari hii na waume zao. Siwema alidhani mama yake amekuja kulinda ukuta, akajiandaa kumzuia. Bi Hadia alimpita binti yake kama hamwoni, akasimama mbele ya Mahfudhi, aliyekuwa anahema na jembe mkononi.

"Shikamoo mama," alisema Mahfudhi, kwa mazoea tu.

"Marahaba, mwanangu. Weka hilo jembe chini. Ukuta uuache uende, lakini mbegu ndizo tunazokula sote. Tumekuja kubeba."

Mahfudhi alimtazama, akautazama ukuta, akautazama mto. Siwema aliona kabisa moyo wa yule mtu ukivutwa huku na huku, na akamwonea huruma ambayo hakuwa amepanga kuwa nayo. Kisha Mahfudhi akalitupa jembe kwenye majani, akatoa funguo za vyumba vya mbegu.

Walibeba. Trei zilipitishwa mkono kwa mkono, kutoka chini, ngazi hadi ngazi, mpaka kwenye ukumbi wa wageni, zikapangwa juu ya mazulia na makochi ya ngozi. Akina mama walibeba miche kwenye makarai, wakiifunika kwa khanga isivunjike. Mtu mmoja akaanza wimbo wa kukandika, ule wa kumtania mwenye nyumba, na Mahfudhi, jasho likimtiririka kwenye tai, akajikuta anaitikia. Droni za Wakala zilizunguka juu zikiwatangazia watu wa Mlauni wahame, na watu wa Mlauni hawakuinua hata nyuso.

Hawakumaliza. Chumba cha mwisho, chenye mbegu changa za mwaka uliofuata, kilikuwa kimetolewa nusu tu, ukuta ulipoanza kutoa ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo kila mtu wa Nyamkono anaijua. Siwema alipiga kelele moja tu, watu wote wapande. Wakapanda. Mahfudhi alikuwa wa mwisho, na trei moja kifuani.

Ukuta wa Kitalu haukuanguka kwa kishindo. Uliinama, ukalainika, ukajimwaga kama uji unaofurika sufuriani, kutoka kona hadi kona, na Luhombe ukaingia kwenye mkondo wake wa zamani ukipita katikati ya nguzo, chini ya miguu yao, na friji za Kitalu zikielea na kugongana. Mahfudhi alizitazama akilia waziwazi. Siwema naye alilia, lakini macho yake yalikuwa Mlauni. Kule maji yalipanda nguzoni, yakaufikia mstari wa buluu, yakauvuka kidogo, kiasi cha kuwatoa watu roho. Halafu yakasimama pale. Jioni, kabla giza halijaingia, yalikuwa yameanza kushuka.

*

Mzee Mwasomola alifika maji yalipokauka. Alimwita Siwema kwenye ukumbi wa Kitalu, kati ya makochi yaliyojaa miche, akamnyang'anya muhuri mbele ya watu. Alisema chumba kilichopotea ni mavuno ya wilaya nzima, na kwamba jina la Siwema Matimbwa ndilo litakalotajwa watu watakapopunguziwa chakula. Siwema alikubali. Alisema jina lake litajwe, na wakimaliza wataje na la yule aliyetoa msamaha. Hakujitetea zaidi ya hapo, kwa sababu kile chumba kilimuuma kweli na kingeendelea kumuuma.

Kisha Mkurugenzi akasoma amri mpya. Kuanzia siku ile ilikuwa marufuku kwa mtu yeyote kukandika jengo lolote la Wakala, au kulipaka udongo wa aina yoyote, na atakayefanya hivyo atapoteza kiwanja chake.

Bi Hadia akaguna, kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa anakitafuta siku nyingi, na Siwema akamwelewa papo hapo. Watu hawa walikuwa wamekandikiana tangu enzi za babu zao bila kuwaza kitu. Mwasomola ndiye aliyewafundisha leo, kwa kinywa chake, kile wanachokishika mikononi.

Upande wa juu wa mto, penye kilima, Wakala wenyewe ulikuwa na makao yake makuu, jengo la vioo lililokaa juu ya kifusi cha udongo kiziwi kilichomwagwa ndani ya mkondo. Nalo lilikuwa na msamaha. Kila tone lililogota pale lilikwenda nyumbani kwa mtu mwingine.

Mlauni walikandika nyumba zao kwanza. Udongo ulipokamata, Siwema alichota donge kwenye ukuta wa mama yake, la ukubwa wa ngumi, akaliweka kwenye karai. Akatoka. Alidhani atakwenda na watu wachache. Viwanja si kitu cha kuchezea, na hakumlaumu aliyebaki ndani. Lakini milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alikuwa na donge lake. Penye kona ya Kitalu walimkuta Mahfudhi Kindamba amesimama peke yake, hana tai, karai mkononi. Ndani yake mlikuwa na donge la ukuta mpya wa Kitalu, aliokuwa ameukandika mwenyewe juzi, licha ya amri.

"Na mimi nina nyumba hapa," alisema. Bi Hadia akampisha kwenye mstari, akamkaripia kwa kuchelewa.

Walipofika makao makuu, mlinzi hakuwauliza wanataka nini. Alijua. Nchi nzima ilijua, maana habari ya ukuta wa Kitalu ilikuwa imeshatembea kuliko zile picha. Mzee Mwasomola alishuka mwenyewe hadi getini, na kupitia kwenye nondo akawatazama, akina mama, waume zao, mwanasayansi wake, na mbele yao mkaguzi aliyemfukuza.

"Tumekuja kukandika," alisema Siwema.

"Mnaijua amri."

"Tunaijua. Ni mwiko wa kwetu kumwacha jirani na ukuta mtupu. Ukitukatalia, useme hapa, watu wasikie, kwamba hutaki ujirani."

Mkurugenzi alifungua kinywa. Nyuma yake, madirishani, watumishi wa Wakala walikuwa wamejazana, na wengi wao walikuwa na mama zao mahali fulani upande wa chini wa mto. Alikifunga kinywa, na geti hakulifungua.

Siwema hakumngoja. Aliweka karai chini, akakunja mikono ya gauni, akalilowesha lile donge la nyumbani kwao mpaka likawa laini. Kisha akaanza na nguzo ya geti, iliyozama kwenye kifusi kile kile. Udongo ulikuwa mbichi, ukashika.